Jiwe dogo la figo: mawimbi, kamera yenye leza au kutobolewa mgongoni? Karibuni tujadili

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Naweka uzi huu kwa sababu kila wiki pale kliniki ninapofanya kazi anaingia mtu na bahasha ya kipimo mkononi, ameambiwa ana jiwe la milimita saba au nane, na swali lake ni hilohilo: "Sista, ipi nzuri, mawimbi au leza?" Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye chumba cha upasuaji wa njia ya mkojo. Si daktari na sitampangia mtu tiba humu ndani. Ninachotaka ni mtu akiingia kwa daktari aingie na maswali yake, maana wengi wanatoka mle ndani hawajui hata jiwe lao liko figo ya kushoto au ya kulia.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa jiwe dogo, yaani lisilozidi sentimita moja, hakuna mashine iliyo bora kwa kila mtu. Kinachoamua ni mahali jiwe lilipokaa, ugumu wake, na kama wewe unaweza kurudi hospitali mara ya pili na ya tatu. Hilo la kurudi halizungumzwi sana, na ndilo linalowatesa watu wetu.

Tuanze na wale ambao hawahitaji mashine yoyote. Jiwe likishatoka kwenye figo na kuingia kwenye mrija unaoshuka kibofuni, lina nafasi nzuri ya kutoka lenyewe. Hesabu ambazo wataalamu wa Marekani na Ulaya walizikusanya zinaonyesha mawe yasiyozidi milimita 5 yanatoka yenyewe kwa watu 68 katika kila 100, na yale yanayozidi 5 hadi 10 kwa watu 47 katika 100. Kwa hiyo daktari akikwambia tusubiri wiki nne hadi sita, hajakupuuza. Anasubiri kwa masharti: maumivu yanatulizwa na dawa, figo inafanya kazi vizuri, na hakuna homa.

Homa naitenga makusudi. Jiwe limeziba mrija, halafu una homa na kutetemeka: hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Usaha umefungiwa ndani ya figo na unaingia kwenye damu. Hapo hakuna habari ya kuvunja jiwe. Kwanza figo ifunguliwe, kwa mpira mdogo kupitia njia ya mkojo au kupitia mgongoni, apewe antibayotiki, apone maambukizi, ndipo jiwe lirudiwe baadaye. Nimeona mtu aliyekaa na homa siku kadhaa akinywa dawa za malaria bila kupimwa, akafika presha imeshashuka kabisa. Tafadhali sana, ubavu unauma na homa ipo, nenda.

Na kuna jambo jingine linalodanganya. Maumivu yanaweza kukata na jiwe likabaki palepale limeziba. Figo inavimba taratibu bila kelele. Ukisubiri jiwe litoke, hakikisha umeliona limetoka au umerudia kipimo. Kukata kwa maumivu peke yake hakuthibitishi kitu.

Kuhusu zile dawa za kulegeza mrija, tamsulosini na wenzake: mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliochukua wagonjwa 1,167. Baada ya wiki nne, watu wanane katika kila kumi hawakuhitaji tiba zaidi, na ilikuwa hivyo kwa waliopewa tamsulosini, waliopewa nifedipini na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Madaktari wengi bado wanaiandika kwa mawe yanayozidi milimita 5 yaliyokwama sehemu ya chini ya mrija, na wana sababu zao. Ila usione umenyimwa tiba kama hukuandikiwa.

Nitaendelea na mawimbi kwenye posti inayofuata.

Mwanzisha uzi

MAWIMBI. Kwenye karatasi utaona yameandikwa ESWL.

Tiba hii ilianzia Munich, Ujerumani. Februari 1980 Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine iliyotengenezwa na Dornier, kampuni ya ndege. Mgonjwa aliingizwa kwenye beseni kubwa la maji, na mawimbi ya mshtuko yakapita majini hadi kwenye jiwe. Kabla ya hapo mtu mwenye jiwe la figo mara nyingi alipasuliwa ubavu. Mashine za leo hazina beseni. Unalala juu ya meza, mto wenye maji unagusa ubavu wako, unapakwa jeli kama ya altrasaundi, na jiwe linalengwa kwa eksirei au altrasaundi.

Unasikia mlio: tak, tak, tak. Kikao kimoja kina mapigo elfu mbili hadi tatu hivi, kati ya nusu saa na saa nzima. Kwa watu wazima wengi dawa za maumivu zinatosha bila nusu kaputi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkojo unaweza kuwa na damu siku moja mbili, ubavu ukawa na wekundu kidogo. Mpigaji akiharakisha, usifurahi. Mapigo 60 kwa dakika yanavunja vizuri kuliko 120.

Uzuri wake ni huo: hakuna kitu kinachoingizwa mwilini. Ugumu wake ni kwamba mashine inavunja tu, kutoa vipande ni kazi ya mwili wako. Ndiyo maana mahali jiwe lilipokaa panakuwa na uzito mkubwa.

Figo ina vijumba ndani yake. Jiwe lililo kwenye kijumba cha juu au cha kati, au kwenye mlango wa kutokea, likivunjika linashuka. Lililo kwenye kijumba cha chini kabisa lazima lipande kwanza ndipo lishuke. Jiwe linavunjika vizuri, eksirei inaonyesha mchanga mtupu, na ule mchanga unabaki umelala palepale kama masimbi chini ya kikombe cha kahawa. Baada ya muda unaungana tena.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliangalia mawe ya kijumba cha chini tu. Miezi mitatu baadaye, waliopigwa mawimbi walikuwa hawana jiwe kwa asilimia 37, waliotobolewa tundu mgongoni hadi figoni asilimia 95. Kwa mawe yasiyozidi sentimita moja mawimbi yalifika asilimia 63, siyo mabaya. Mwaka 2005 wakalinganisha mawimbi na kamera inayopita njia ya mkojo kwa mawe madogo ya kijumba hichohicho, safari hii wakakagua kwa siti skani inayoona hata punje: mawimbi asilimia 35, kamera asilimia 50, na watafiti wenyewe wakasema tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu. Waliopigwa mawimbi walirudi kazini mapema zaidi.

Sasa angalia hapo. Hata kamera yenye leza, ambayo watu wanaililia, nusu ya wagonjwa walibaki na vipunje. Vifaa vya leo ni bora kuliko vya wakati ule, lakini mtu akikuahidi "tunasafisha asilimia mia", muulize anakagua kwa kipimo gani na baada ya muda gani.

Ugumu wa jiwe: kwenye ripoti ya siti skani kuna namba inaandikwa na herufi HU. Ikizidi 1,000, mawimbi yanahangaika. Na umbali kutoka kwenye ngozi hadi kwenye jiwe ukizidi sentimita 10, yaani mtu ana mwili mkubwa, mawimbi yanafika yamechoka. Mjamzito haruhusiwi kabisa. Mwenye damu isiyoganda vizuri, anayetumia dawa za kuyeyusha damu ambazo haziwezi kusimamishwa, mwenye maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa, na mwenye mrija uliobana chini ya jiwe, nao hawapigwi.

Mkulima wa Kongwa

Asante sana sista kwa uzi. Nipo siti ya mbele. Mimi nina jiwe la mm 8, figo ya kulia, ripoti inasema "kijumba cha chini", HU 1,150. Nilishaambiwa nilipie mawimbi vikao vitatu kwa mkupuo. Kwa haya uliyoandika nimeanza kusita. Haliniumi sana, liligunduliwa nilipopimwa tumbo kwa jambo jingine.

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Kongwa, usilipe vikao vitatu kabla ya kupiga cha kwanza na kukaguliwa. Kijumba cha chini na ugumu wa 1,150 ni vitu viwili vinavyopingana na mawimbi kwa wakati mmoja. Sisemi hayawezi kufanya kazi. Nasema rudi kwa daktari umuulize: "Kwa mahali lilipo na ugumu huu, wewe unatarajia nini kikao cha kwanza kisipofaulu?" Jibu lake litakuonyesha kama amelitazama jiwe lako au ametazama mashine aliyo nayo.

Na kwa kuwa halikusumbui, kuna njia nyingine: kulifuatilia. Mawe yaliyotulia ndani ya figo yanaweza kuangaliwa kwa kipimo mara moja kwa mwaka. Lakini nisikufiche, nayo ina gharama yake. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Wagonjwa waliokuwa wanatolewa jiwe kubwa waligawanywa: kundi moja likatolewa na vijiwe vidogo visivyozidi milimita 6 vilivyokuwa vimetulia, kundi jingine likaachiwa. Walikuwa 73 tu, lakini tofauti ilionekana wazi: walioachiwa, 63 katika 100 walipata tatizo tena baadaye, waliotolewa, 16 katika 100. Kwa hiyo jiwe lililotulia linaweza kuamka. La kwako la mm 8 ni kubwa kuliko hayo, na wewe unaishi mbali na hospitali yenye vifaa. Hilo la umbali litaje kwa daktari, ni sehemu ya ugonjwa wako.

Binti Pwani

Dadangu, shukran. Mie niko Mombasa. Mume wangu alipigwa mawimbi, jiwe likavunjika, kisha vile vipande vikajipanga foleni kwenye mrija vikaziba. Alilia usiku kucha. Daktari alisema jambo hili lajulikana. Mbona hatukuambiwa mwanzo? Mwishowe waliingia na kamera kutoa vipande, sasa tumelipia mara mbili.

Mwanzisha uzi

Pole sana dada, na mpe mzee pole. Ni kweli, linajulikana, na mlipaswa kuambiwa kabla ya kusaini. Kwa jiwe dogo hutokea mara chache kuliko kwa jiwe kubwa, lakini hutokea. Watu wengine vipande hivyo hushuka vyenyewe baada ya siku kadhaa, wengine huhitaji kamera kama mumeo.

Hili lako linanipeleka kwenye hesabu ya pesa. Watu wanalinganisha bei ya kikao kimoja cha mawimbi na bei ya kamera, wanaona mawimbi ni nafuu. Linganisha bei ya kumaliza jiwe. Kuna utafiti uliofanyika hospitali 25 za Uingereza, wagonjwa 613 wenye mawe kwenye mrija, matokeo yakatoka 2022. Walioanza na mawimbi, hadi vikao viwili, 22 katika 100 walihitaji tiba nyingine. Walioanza na kamera, 10 katika 100. Kwa serikali yao mawimbi bado yalikuwa nafuu hata ukijumlisha hao waliorudia, kwa sababu chumba cha upasuaji na nusu kaputi ni ghali. Lakini wao wanatibiwa bure na hospitali haiko mbali. Mtu wa kwetu ajumlishe nauli, kulala mjini, siku za kazi zilizopotea na mtu wa kumsindikiza. Na mwenye bima, iwe NHIF huku Tanzania au SHA huko Kenya, aulize kwa maandishi: mnalipia kikao kimoja au hadi jiwe litoke? Ikibidi kamera baadaye, mnaikubali?

Mwanzisha uzi

KAMERA NA LEZA. Kwenye karatasi utaona URS, na ikiingia hadi ndani ya figo kwa kamera inayopinda wanaandika RIRS.

Hapa hakuna kidonda. Ukishalala kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, kamera inapita njia ya mkojo, inaingia kibofuni, inapanda kwenye mrija. Unene wake ni kama milimita tatu. Kwa jiwe la sehemu ya chini ya mrija wanatumia kamera iliyonyooka. Kwa jiwe la figoni wanatumia ile inayopinda, ambayo ncha yake inageuka nyuma kabisa kutafuta kijumba cha chini. Nyuzi nyembamba ya leza inapita ndani ya kamera mpaka inagusa jiwe.

Kwenye skrini unaliona jiwe la njano au la kahawia, lina miiba midogo, limezungukwa na maji yanayopitishwa muda wote. Leza ikiwashwa, jiwe linatoa vumbi na picha inakuwa kama ukungu, daktari anasimama anasubiri maji yasafishe, anaendelea. Leza ya holmiamu ndiyo imezoeleka tangu miaka ya 1990. Siku hizi ipo na ya thuliamu inayosaga laini zaidi. Vipande vikubwa vinakamatwa kwa kikapu kidogo cha waya na kutolewa, vumbi linaachwa litoke na mkojo. Kile kipande kilichotolewa omba kipelekwe maabara. Watu wanapewa kwenye kichupa wanaenda kuonyesha majirani, wakati pale ndipo ungejua jiwe lako ni la aina gani na ule nini.

Ugumu wa jiwe hauisumbui leza. Mwili mkubwa hauisumbui. Mjamzito aliyebanwa anaweza kufanyiwa, na wataalamu wenye uzoefu. Kwa jiwe lililokwama chini ya mrija, ningekuwa mimi ningechagua hii bila kufikiri mara mbili, na miongozo mingi inaelekea hukohuko.

Upande wa pili: maambukizi yanaweza kupanda yakaingia kwenye damu, ndiyo maana kuotesha mkojo maabara kabla ya siku ya upasuaji ni lazima. Ukiona hukuchukuliwa mkojo, uliza. Mrija unaweza kuchubuka, na mara chache ukaja kubana baadaye. Na wakati mwingine mrija ni mwembamba, kamera inagoma. Daktari mzuri hasukumi. Anaweka stenti (mpira wa ndani ya mrija, nimeueleza hapo chini), anakurudisha nyumbani, unakuja baada ya wiki moja au mbili mrija umelegea. Mgonjwa anaamka anaambiwa jiwe bado lipo, anaona ametapeliwa. Hapana, amelindwa.

STENTI. Naomba msome hapa taratibu.

Ni mpira laini, mrefu kutoka figoni hadi kibofuni, ncha zote mbili zimejikunja ili usitoke. Unaacha mkojo upite wakati mrija umevimba. Wengi wa wanaoubeba wanausikia: kukojoa kila mara, kuchomwa kibofuni, ubavu kuvuta wakati wa kukojoa, damu ukitembea sana. Si kila anayefanyiwa kamera anahitaji stenti, muulize daktari. Baada ya kazi iliyokwenda vizuri hukaa siku chache hadi wiki mbili hivi. Hata zile za kukaa muda mrefu hubadilishwa kwa miezi, siyo miaka.

Kinachoniuma ni hiki. Maumivu ya jiwe yameisha, mtu anarudi kwao, nauli ya kurudi hana, stenti inabaki. Mwaka unapita. Nimeona eksirei ya stenti iliyokaa miaka: ule mpira umevaa mawe mwili mzima, na kibofuni ncha imekuwa jiwe la ukubwa wa yai. Mtu aliingia na jiwe la milimita saba. Akatoka na upasuaji mkubwa, na figo moja haifanyi kazi. Hakuna aliyemwandikia tarehe. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini, tarehe ya kutoa stenti iwe imeandikwa kwenye karatasi yako, kwenye simu yako, na kwenye simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Kama umeishiwa, piga simu hospitali useme umeishiwa. Kutoa stenti kwa wakati ni kazi ya dakika chache kwa jeli ya ganzi.

Dereva wa Tunduma

Sista heshima yako. Mimi naendesha malori Dar mpaka mpakani, maji sinywi sana kwa sababu kusimama kukojoa njiani ni shida. Nimetoa jiwe mara mbili. Wenzangu wanasema kunywa bia linatoka. Na je, ile ya kutobolewa mgongoni inahusika na sisi wenye mawe madogo?

Mwanzisha uzi

Kaka, nianze na la mgongoni. PCNL ilianza Sweden mwaka 1976, na ndiyo tiba ya mawe yanayozidi sentimita mbili. Daktari anatoboa tundu mgongoni moja kwa moja hadi figoni, anaingiza kamera nene zaidi, anavunja na kutoa vipande palepale. Siku hizi kuna ya tundu dogo. Kwa jiwe la chini ya sentimita moja siyo chaguo la kwanza, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu na siku za kulala wodini. Inakuja pale kijumba cha chini kimegoma mawimbi na kamera haikifikii, au umbile la figo si la kawaida. Ukiambiwa uanze nayo kwa jiwe la mm 6, omba maelezo, na ikiwezekana upate maoni ya daktari wa pili.

Bia: inakukojoza, halafu inakukausha. Na ina vitu vinavyoongeza asidi ya yuriki, ambayo nayo hutengeneza mawe. Kwa dereva sina haja ya kuongeza neno.

Maji ndiyo dawa yako. Italia mwaka 1996 walichapisha utafiti wa watu waliotoa jiwe la kwanza. Waliokunywa maji ya kutosha kukojoa lita mbili au zaidi kwa siku, baada ya miaka mitano jiwe lilirudi kwa 12 katika 100. Wasioongeza maji, 27 katika 100. Hakuna leza inayokupa hiyo. Najua shida ya barabarani ni ya kweli. Basi kunywa sana unapofika na unapolala, na pale mizani ambapo lazima usimame, kojoa na unywe. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa.

Mgeni wa Maskati

Assalaam alaykum. Niko Oman, kazi ya nje juani. Huku mawe ya figo ni jambo la kawaida sana, kambini kwetu kila mtu anamjua aliyewahi kubanwa. Daktari wa hapa kaniambia jiwe langu halionekani kwenye eksirei ila siti skani inaliona, kanipa unga wa kunywa badala ya kunivunja. Nimeshangaa. Je, nimenyimwa tiba kwa kuwa ni mfanyakazi wa kigeni?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam kaka. Sidhani umenyimwa. Jiwe lisiloonekana kwenye eksirei lakini siti skani inaliona, mara nyingi ni la asidi ya yuriki, na hilo ndilo jiwe pekee kati ya yale ya kawaida ambalo linaweza kuyeyuka kwa dawa ya kunywa. Huenda unga huo ni wa sitreti, unaofanya mkojo usiwe na asidi kali. Wanataka pH ya mkojo, yaani kipimo cha asidi, ikae kuanzia 6.5 hadi 7 hivi, kwa hiyo uliza kama watakupa vile vikaratasi vya kupima mwenyewe. Inachukua wiki hadi miezi, na damu yako ipimwe kuona figo na potasiamu. Nyama na maini punguza. Joto la Ghuba linakausha mwili, na ukanda wote huo unajulikana kwa mawe, kwa hiyo maji unayokunywa wewe yawe mengi kuliko ya mtu wa ofisini.

Naomba wasomaji wengine msiende kununua unga huo dukani. Mawe mengi, kama manane katika kumi, ni ya kalsiamu, na hayo hayayeyuki kwa unga wala kwa majani ya kuchemsha. Anayekuuzia chupa ya "kuyeyusha mawe yote" hajui la kwako ni lipi.

Binti Pwani

Na maziwa? Mume wangu keshaacha maziwa kwa kuwa jiwe ni la kalsiamu. Mchicha ala kila siku.

Mwanzisha uzi

Ageuze, dada. Kalsiamu ya chakula inashikana tumboni na oksaleti, kitu kilichojaa kwenye mchicha na ambacho figoni huungana na kalsiamu kuwa jiwe, zikatoka pamoja na choo. Ukiacha maziwa, oksaleti inaingia kwenye damu na kwenda figoni. Waitalia walewale mwaka 2002 walifuata wanaume 120 kwa miaka mitano: waliokula kalsiamu ya kawaida na kupunguza chumvi na nyama walirudiwa na mawe kama nusu ya wale waliopunguza kalsiamu. Kwa hiyo maziwa au mtindi arudishe, anywe na chakula. Mchicha apunguze, asiufanye wa kila siku, na akiula ale na mtindi. Korosho na karanga kwa kiasi. Chumvi ya mezani iondolewe mezani.

Mkulima wa Kongwa

Sista, nimerudi kwa daktari leo nikamuuliza lile swali. Amekaa akaangalia siti skani upya, akasema kwa hili angependelea kamera, nipewe rufaa. Ila kuna jambo jingine sijasema. Shemeji yangu alitibiwa India miaka miwili iliyopita, akasema aliwekewa "mrija wa ndani". Hajawahi kuurudia. Anakojoa damu akilima. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Mkuu, huyu awahi kuliko wewe. Wiki hii, siyo mwezi ujao. Apige eksirei ya kawaida ya tumbo, picha moja itakayoonyesha figo hadi kibofu. Stenti itaonekana, na mawe yaliyoishika yataonekana. Apimwe mkojo, uoteshwe, na apimwe damu kuangalia kazi ya figo. Karatasi zote za India azibebe, hata kama hazisomeki, maana aina ya stenti imeandikwa humo.

Aende hospitali yenye daktari bingwa wa njia ya mkojo, siyo zahanati. Huko Dodoma mpo na Benjamin Mkapa, na KCMC Moshi wamefundisha mabingwa wa fani hii kwa miaka mingi. Ikiwa imeshashikwa na mawe, mtu asikubali ivutwe kwa nguvu, inaweza kukatika ndani au kuchana mrija. Itabidi mawe yaliyoishika yavunjwe kwanza, pengine kwa leza chini na kwa mawimbi au tundu la mgongoni juu, ndipo itoke. Akipata homa kabla ya siku ya miadi, asisubiri miadi.

Ukipata picha ya eksirei, funika jina lake na namba ya faili, weka hapa. Nitakusaidia kuandika maswali ya kumuuliza daktari.